Kwa Sindano au kwa Mwiba

Juzi wajukuu zangu wawili walinuniana kwa sababu ya bendi ya roki. Wote wawili wanaipenda bendi ileile ya Wazungu wa magitaa, ndiyo maana ugomvi wenyewe ulinishangaza. Mkubwa anashikilia kwamba albamu ya kwanza ndiyo bendi yenyewe, na zilizofuata ni biashara tu. Mdogo wake anasema mtu asiyeielewa albamu ya tatu hana masikio. Walianza kwa mzaha pale sebuleni, wakapandishiana sauti, wakafika kuambiana mambo ambayo hayahusu muziki hata kidogo, na ilipofika saa ya chakula mmoja alibeba sahani yake akitaka kwenda kula peke yake uani.

Mama yao alitaka kuwagombeza. Mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Wakanitazama wote wawili kwa hasira moja, na hapo angalau wakawa wamekubaliana kwa jambo. Nikaingia chumbani, nikafungua kasha langu, nikatoa santuri. Ni moja tu niliyobaki nayo, nyeusi, imemeguka ukingoni kipande cha ukubwa wa ukucha, na ile karatasi yake ya katikati imefifia hata maandishi yanasomeka kwa shida. Nikawaambia wakae chini. Wewe nawe kaa, rafiki yangu, maana habari hii sijawahi kuisimulia yote, na mahali pamoja ndani yake nina lawama yangu mwenyewe.

Miaka ya hamsini nilikuwa mtoto wa shule, nalelewa na bibi yangu mzaa mama, Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya udongo na makuti yenye baraza pana mbele. Asubuhi ilianza kwa Bibi kupiga mwiko kwenye ukingo wa chungu cha unga wa vitumbua, kisha harufu ya iliki na nazi ikiungua kidogo, kisha king'ora cha karakana ya reli. Mabehewa ya mkonge yalipita mbali kuelekea bandarini na sisi tulihesabu kwa sikio bila kuyaona. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kufagia uwanja na kupeleka vitumbua nyumba tatu za jirani, na ya tatu siku zote ilikuwa ya Somo.

Somo alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro. Yeye na Bibi walikuwa na jina moja, na kwetu pwani watu wa jina moja huitana somo, basi wakaitana hivyo tangu usichana wao hadi mtaa mzima ukasahau majina yao. Bibi alikuwa mnene, mwenye sauti, mtu wa kusema kweli hata pale ambapo hakuulizwa. Somo alikuwa mwembamba, mtaratibu, na mbishi kuliko Bibi mara mbili, ila ubishi wake aliusema kwa upole, na ndivyo ulivyokuwa ukimkera Bibi zaidi.

Wawili hawa walikuwa na mali moja waliyoigawana bila kupanga. Bibi alikuwa na gramafoni. Aliachiwa na marehemu babu, aliyekuwa karani wa reli, nayo ilikuwa sanduku jeusi lenye mkono wa kuzungusha ubavuni na kifuniko kinachofunguka juu. Lakini babu alikufa kabla hajanunua santuri za maana. Somo hakuwa na gramafoni, ila alikuwa na santuri. Mumewe alikuwa akichochea moto melini, na kila bandari aliyofika alinunua santuri moja na kuituma nyumbani kwa mtu anayerudi Tanga. Alikuwa nazo kumi na nne ndani ya bati la biskuti, kila moja imefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Ya kumi na nne ilifika mimi sijaanza shule. Baada ya hapo hazikuja tena santuri, wala salamu za mdomo, na mumewe naye hakuonekana.

Basi kila siku baada ya sala ya alasiri Somo alivuka kichochoro na bati lake kichwani, Bibi akatoa gramafoni, na baraza ikajaa. Walikuja wanawake watano sita wa mtaani na ukindu wao, wakasuka ukili wa mikeka huku wakisikiliza, na vidole vyao vilikwenda kasi au polepole kufuatana na ngoma. Hodari wa maneno kati yao alikuwa Mama Fundi, mshonaji wa nguo, mwanamke aliyekuwa akiongea na sindano mdomoni. Kahawa ya tangawizi ilichemka jikoni. Nami nilikuwa na nafasi yangu ya haki pale, kwa sababu shuleni nilikuwa nimefundishwa kusoma, na ni mimi niliyesoma maandishi ya santuri, hata yale ambayo sikuyaelewa.

Usidhani walikuja kusikiliza muziki. Walikuja kubishana. Kila santuri ilikuwa na watu wake na maadui zake. Bibi alikuwa mtu wa taarabu, ya udi na fidla na mwimbaji anayetamka kila neno likasikika. "Wimbo ni maneno," alikuwa akisema, akipiga goti kwa kiganja. "Usipofahamu anachosema, umekaa kusikiliza mashine ya mkonge." Somo alikuwa mtu wa rumba, ya magitaa na kengele na lugha za mbali, na jibu lake lilikuwa lilelile kila siku: "Mtoto mchanga hafahamu neno hata moja, na akiimbiwa hulala. Wimbo ni sauti." Mama Fundi alihama upande kila wiki, na kila alikohama aliingia na vigelegele. Aliyeshindwa kwa wingi wa watu ndiye aliyepika kahawa ya kesho yake. Bibi alishindwa mara nyingi na kahawa yake ilikuwa tamu, hivyo nahisi wengine walimpigia kura mbaya makusudi.

Walibishania hata jinsi ya kusikiliza. Sindano za chuma za gramafoni ziliuzwa dukani kwa Mhindi kwa vikopo vidogo, nazo zilitoa sauti kali, kila kitu kikisikika, na mikwaruzo yake. Bibi hakutaka kingine. Somo alikuwa amefundishwa na mumewe kutumia mwiba. Alikata mwiba wa mdimu uliokauka, akauchonga ncha kwa kisu, akaubana pale kichwani mwa gramafoni mahali pa sindano. Sauti ilitoka ndogo, laini, kama mtu anaimba chumba cha pili. Bibi alisema mwiba ni wa watu wanaoogopa kusikia. Somo alisema sindano inakwangua santuri na masikio pamoja. Basi siku moja sindano, siku ya pili mwiba, na hilo nalo lilikuwa na zamu yake.

Sasa nikwambie juu ya ile ya kumi na nne, ndiyo hii niliyonayo. Ni rumba, mwanamume anaimba peke yake kwanza, kisha wenzake wanamwitikia, lugha ya ng'ambo ambayo hakuna aliyeijua mtaani kwetu. Lakini katika kiitikio kuna neno linarudi mara nne, na kila mtu aliyelisikia aliapa ni Kiswahili. Somo alisikia "nakuja". Alilisikia tangu siku ya kwanza, akalieleza bila kupandisha sauti, kwamba mumewe aliichagua ile santuri kwa sababu ya neno lile. Asiyejua kuandika, alisema, hutuma alichonacho. Bibi naye alisikia "nangoja".

Mwanzoni ilikuwa mzaha mtupu. Baraza iligawanyika, hawa nakuja na hawa nangoja, ikachezwa mara tatu mfululizo hadi mkono wangu uliuma kwa kuzungusha. Mama Fundi alisikia "nakuja" kabla ya kahawa na "nangoja" baada ya kahawa. Mimi nilikuwa mtu wa Bibi, nikasema nangoja, ingawa kwa kweli nilisikia tu mtu akiimba vizuri.

Lakini chini ya mzaha ule kulikuwa na jambo, na watu wazima wote walilijua. Kwa mwaka mzima Bibi alikuwa akimshauri somo wake aende kwa kadhi akafunguliwe ile ndoa. Somo alikuwa bado hajapita umri wa kuolewa. "Unakaa eda ya mtu asiyekufa," Bibi alimwambia siku moja jikoni, nami nikiwa nachambua mchele. Somo alicheka kidogo akaomba chumvi. Hakukataa wala hakukubali, na kila jioni akavuka na bati lake, akataka ichezwe ya kumi na nne.

Siku ya ugomvi ilikuwa zamu ya sindano. Baraza ilikuwa imejaa, mvua imeacha muda mfupi, na kichochoro kinanuka udongo. Kiitikio kilipofika Somo akatabasamu kama kawaida yake, akasema, "Si mnamsikia? Nakuja." Sijui Bibi alikuwa na nini siku ile. Labda kahawa ilikuwa yake tena, labda alikuwa amechoka kumwona mwenziwe akizeeka mbele ya macho yake. Akainua shingo ya gramafoni, muziki ukakatika.

"Somo, huyu anasema nangoja," akasema. "Na anayengoja ni wewe. Mtu anayekuja hupanda chombo akaja. Hatangulizi santuri."

Hakuna aliyesuka. Nakumbuka ukili wa Mama Fundi ukiwa umesimama hewani. Somo alinyoosha mkono, akaitoa ile santuri kwenye gramafoni, akaifunga kwenye kipande chake cha kanga, akazipanga zote kumi na nne ndani ya bati, akafunika. Alipokuwa akiiweka ile ya mwisho iligonga ukingo wa bati ikameguka kile kipande kidogo nilichokutajia, nacho akakiokota akakitia katika pindo la kanga yake. Akavuka kichochoro. Mlango wake tuliusikia ukitiwa komeo mchana kweupe.

Hivyo ndivyo mtaa wetu ulivyokuwa na nyumba moja yenye gramafoni bila santuri, na nyumba ya pili yenye santuri bila gramafoni, na baina yao kichochoro ambacho mtu mzima angekivuka kwa hatua nne.

Bibi alijitutumua. Wiki ya pili alikwenda kwa Mhindi akanunua santuri mpya ya taarabu, maneno tu mwanzo hadi mwisho, kila moja likisikika. Wanawake walikuja. Wakasikiliza. Wakasema nzuri, wakasuka, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Siku ya tatu walikuja wawili. Mama Fundi alijaribu kusema kwamba mwimbaji ana mafua, kwa nia njema kabisa, ili pachangamke, lakini hakupatikana wa kumjibu. Bibi alikuwa ameshinda, kahawa akapikiwa, na sijapata kumwona mtu akinywa kahawa kwa uchungu namna ile.

Mimi nilitumwa kwa Somo kila asubuhi na vitumbua kama zamani. Hilo Bibi hakulikatiza, wala Somo hakuvirudisha. Nilisema shikamoo, akaitika marahaba, akauliza nyumbani hawajambo, nikajibu hawajambo, na nyumbani Bibi aliniuliza kama Somo amekula. Walikuwa wakisalimiana kupitia mimi bila kutajana.

Asubuhi moja Somo aliniomba kitu. "Mwanangu, nipe karatasi moja ya daftari lako. Na ile penseli yako, nitakurudishia." Nilimpa. Mwalimu wetu alikuwa mkali juu ya daftari, karatasi iliyochanwa ilikuwa na fimbo zake, lakini nilikuwa nampenda Somo. Nilipotoka shule mchana, viganja vikiwa vinaniwaka, nilipitia kwake kuchukua penseli. Komeo lilikuwa wazi. Nikabisha hodi, hakusikia, nikaingia.

Alikuwa ameketi juu ya mkeka ukumbini. Mbele yake kulikuwa na kifuu cha nazi kilichofudikizwa, na katika tundu la kifuu amesimamisha penseli yangu, na juu ya penseli ameitia ile santuri ya kumi na nne. Karatasi yangu ameikunja mfano wa kikaratasi cha ncha cha kuuzia njugu, na penye ncha amechomeka mwiba wa mdimu. Kwa kidole cha mkono wa kulia alikuwa akiisukuma santuri izunguke, taratibu, na kwa mkono wa kushoto ameshikilia ile karatasi, mwiba ukigusa mistari, na sikio lake ameliingiza kabisa ndani ya karatasi.

Aliponiona hakushtuka. Alinivuta karibu, akanishikisha karatasi sikioni, akaanza kuizungusha tena. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, naona jasho dogo juu ya mdomo. "Sikiliza," akasema. "Anasema nini?"

Nilisikiliza kwa nia yote. Nikasikia kukwaruza, na nyuma ya kukwaruza kitu kama nzi ndani ya chupa, kikipanda na kushuka kufuatana na kidole chake. Nilikuwa mjukuu wa bibi yangu, nimelelewa kusema kweli. Nikasema, "Sisikii kitu, Somo."

Kidole chake kilisimama. Akasema, "Haya," akaitoa penseli kwenye kifuu, akaifuta kwa kanga, akanirudishia. Hakukasirika. Angekasirika ningeshukuru. Ile ndiyo lawama yangu, rafiki yangu, nimekaa nayo mpaka nimekuwa bibi mimi mwenyewe. Nilikuwa na neno moja tu la kumpa, silabi tatu, nami sikumpa.

Kesho yake Bibi aliona viganja vyangu, akataka kujua. Alikuwa anachoma vitumbua. Nilimweleza yote kwa mpango wake, karatasi, fimbo, kifuu, penseli, mwiba, na swali aliloniuliza na jibu nililompa. Bibi aliendelea kukitazama chungu. Vitumbua vikaanza kuwa vyekundu, vikawa vyeusi, moshi ukapanda, naye ameshika mwiko bila kuvigeuza. Sikupata kumwona Bibi akiunguza chakula kabla ya siku ile. Mwisho akasema, "Kwa karatasi," kisha akarudia polepole, "kwa karatasi ya daftari," akatoka nje.

Alasiri ile baraza ilikuwa na watu wanne pamoja na Mama Fundi. Bibi hakutoa kahawa. Alikwenda uani kwenye mdimu wetu, akachagua miiba, akaitupa mingine, akachonga mmoja kwa kisu kwa muda mrefu mno. Halafu akajitwika gramafoni kichwani, akaniambia nifuate, akapita katikati ya wanawake bila kuwaaga, akavuka kichochoro. Hatua nne. Mtaa mzima ulikuwa ukitazama, na Bibi alikuwa mtu mwenye haya zake, usidanganywe na sauti ile. Nilikuwa nyuma yake nikaona shingo imejaa jasho.

"Hodi, somo."

Nyuma yetu Mama Fundi na wenzake nao walikuwa wameshavuka na ukindu wao mikononi, hawakutaka kuhadithiwa.

"Karibu," sauti ikasema ndani.

Bibi hakusema samahani. Sijui kama aliwahi kulijua neno hilo. Alitua gramafoni juu ya mkeka, akafungua kifuniko, akabana mwiba mahali pa sindano, akanyoosha kiganja. Somo alikitazama kile kiganja, kisha akafungua bati. Bibi mwenyewe alizungusha mkono wa gramafoni, hakunipa mimi. Sauti ikatoka, ile ndogo ya mwiba, ya chumba cha pili. Mwanamume akaimba, wenzake wakamwitikia. Kiitikio kikafika, mara ya kwanza, mara ya pili. Bibi ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza kama mtu anayepimwa.

Mara ya nne ilipopita akafumbua macho. "Somo," akasema, na aliisema kwa ile sauti yake kubwa, wa mlangoni wasikie, "mie kwa sindano nilisikia nangoja. Kwa mwiba, anasema nakuja."

Mama Fundi alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akauinamia ukindu wake akasuka.

"Umesikia weye mwenyewe?" Somo akauliza.

"Nimesikia mie mwenyewe."

Somo alimtazama sana. Nadhani alijua. Walikuwa wamefahamiana tangu usichana, na Bibi hakuwa na ujuzi wa kusema uongo, macho yake hayakutulia mahali pamoja. Lakini Somo aliupokea uongo ule, kama unavyopokea sahani iliyofunikwa kutoka kwa jirani, huifunui mbele yake. Akajifuta uso kwa pindo la kanga. Halafu akasema kwa ule upole wake, "Na ile taarabu uliyonunua kwa Mhindi, somo, tumeisikia mpaka huku. Mbaya."

"Mbaya?" Bibi akasema. "Mbaya nini, na kila neno linasikika?"

"Ndiyo ubaya wake."

Hapo wanawake wote wakaingia, viatu vikavuliwa mlangoni, na ubishi ukaanza upya mpaka adhana ya magharibi. Kahawa nilipika mimi. Hakuna aliyekumbuka kupiga kura.

Tangu siku ile gramafoni haikurudi kwetu. Ilikaa kwa Somo, na Bibi ndiye aliyekuwa akivuka. Habari ya kadhi hakuitaja tena, na sindano za chuma zilishika kutu kwenye kikopo chake dirishani. Mume wa Somo hakuja. Naona vema niseme wazi, maana wajukuu zangu waliniuliza hapohapo, na niliona nyuso zao zikitaka jibu jingine. Hakuja, na hatukupata kujua yaliyompata. Somo alizeeka bila mtoto, ila mimi nilikuwa nikila kwake nusu ya milo yangu, na siku niliyoolewa walionitoa nje walikuwa wawili, mmoja kila mkono, wakibishana juu ya wimbo wa kunitolea.

Bibi ndiye aliyetangulia kufa. Somo alikaa kama miezi mitano baada yake. Ndugu zake walikuja kugawana vyombo, gramafoni ikaenda na mmoja wao, na lile bati likaangukia mikononi mwa watoto wakazifanya santuri magurudumu. Hii moja Somo mwenyewe aliniita akanipa akiwa kitandani, pamoja na kile kipande kilichomeguka, amekihifadhi kwenye fundo la kanga miaka yote. Nilitaka kumwambia kuhusu siku ile ya karatasi. Nilianza, akanikatiza akauliza kama nimekula.

Nyumba zile hazipo. Mahali pa baraza kuna duka la vipuri vya pikipiki, na kichochoro kimepanuliwa gari linapita. Mdimu ulikatwa. Mabehewa ya mkonge hayasikiki, na hao wanawake wa ukindu wote wameshakwenda, Mama Fundi wa mwisho, akiwa bado hajaamua upande wake. Naweza kuvumilia kupotea kwa nyumba. Ninachokitamani ni kule kubishana kwa mtu ambaye kesho lazima umwone, umsikilize tena, na pengine umvukie.

Nilipomaliza, mjukuu mdogo aliichukua santuri akaisogeza kwenye taa, akasoma yale maandishi yaliyofifia herufi kwa herufi, akayaandika kwenye simu yake. Haikupita dakika. Kutoka ndani ya kitu cha ukubwa wa kiganja akatoka yule mwanamume, akaimba, na wenzake wakamwitikia. Mimi nilikuwa sijamsikia tangu Somo alipofariki. Nilishika ukingo wa kiti.

"Nakuja," akasema mdogo. "Wazi kabisa, Bibi. Nakuja."

"Masikio huna," akasema mkubwa wake. "Nangoja hiyo. Rudisha nyuma."

Wakairudisha nyuma. Wakakaribiana vichwa juu ya simu, wakabishana, wakairudisha tena. Kisha mdogo akapata wazo. Akasema simu inaweza kutafsiri, nimpe dakika moja tu anitafutie hasa yule bwana anasema nini na kwa lugha gani, tumalize ubishi. Kidole kilikuwa tayari. Nikakishika kidole kile.

"Mwache," nikamwambia. "Rudisha ile sehemu ya mwisho, kisha nendeni mkale. Sahani moja."

Waliniachia simu mezani wakaenda uani, nikawasikia wakianza tena na albamu yao ya kwanza na ya tatu. Kiitikio kikafika. Niliinamisha kichwa nikafumba macho kama alivyofanya Bibi siku ile, na safari hii nilisikia. Mara zote nne alisema nangoja, ila haikuwa sauti ya mwanamume. Walikuwa wawili, mmoja sauti yake kubwa, mwingine mpole. Nikawaitikia lile neno la Somo, polepole, wajukuu wasinisikie.